Ukoo Unatangulia

Cheti cha kuogelea cha rafiki yangu kilikuwa na jina la Kizungu. Alibandikwa jina hilo darasa la tatu na mwalimu aliyechoka kujaribu lile la Kichina. Siku ya tuzo, kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Shule nzima hapa Al Qusais, Uarabuni, hakuna mdomo unaoushinda wangu, walimu wakaona bora wautumie kuliko kuuziba.

Kabla hatujaanza akanivuta nyuma ya pazia.

"Babu yangu kafika jana kutoka China. Yule, safu ya tatu. Hilo jina la Kizungu halijui. Ukilisoma, hatajua kama ni mimi."

"Basi nasoma lako. Tabu iko wapi?"

"Anza na ukoo. Ukianza na langu, umenivisha suruali kichwani."

Habari za ukoo alishanipa kwenye metro. Kwao ukoo hutangulia, mtu hufuata. Wao zamani walikuwa na kijinchi chao. Kikatekwa, kikafutwa, watu wakajiita jina lake ili lisipotee. Na mama yake ameolewa, lakini ukoo wa kwao anao mpaka leo. Nikamwambia sisi wa Unguja kwenye pasi za kusafiria hatuna ukoo: nina langu, la baba, la babu, basi.

"Kwa hiyo babu yako umemweka mkiani?"

Iliniuma. Nikajifanya natazama dirishani.

Sasa, pale nyuma ya pazia, mwalimu wa nidhamu akaniona nakata lile jina la Kizungu kwenye orodha.

"Soma kilichoandikwa. Hayo majina yao watu hawayawezi."

"Sawa, Miss," nikasema, kwa ile sauti ambayo bibi yangu akiisikia huanza kutafuta kandambili yake.

Alipoondoka, mimi na rafiki yangu tukarudia jina lake pale pale, mara tano, mpaka akatikisa kichwa kukubali. Zamu yake ilipofika nikatamka ukoo. Ukoo tu. Kabla sijafika kwa mjukuu, mzee wa safu ya tatu alishasimama wima, kofia mkononi, kama kaitwa yeye. Na si kaitwa? Mjukuu akapanda jukwaani analia na kucheka kwa pamoja, makamasi juu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini jina lililofuata lilikuwa langu, tuzo ya mahudhurio, msiniulize niliipataje. Nikajiita: babu kwanza, kisha baba, mimi mwisho. Babu yangu alizikwa Unguja kabla sijazaliwa. Siku ile alinitangulia jukwaani.

"Khalas! Lete hicho!" Miss akaninyang'anya kipaza sauti, na sijakishika tena.

Nimetakiwa niandike barua ya kuomba radhi kwa kuvuruga majina. Bibi anasema, "We mtoto, andika yaishe." Nimeandika. Nimeomba radhi kwa kumkaidi Miss mbele za watu. Kwa majina, siombi. Chini nimetia saini, babu yangu mbele.