Ukuta wa Hamamu

Mkandaji wa hamamu moja ya mtaani, bafu la umma la mvuke huko Fes, Moroko, alikuwa na vidole vinene vilivyokunjamana kwa maji. Kabla hajamkanda mtu humsimamisha ukutani: "Visigino, mabega, kisogo. Vyote viguse." Akimaliza kumnyoosha humwambia, "Mimi nakufungua tu. Kesho simama hivyo hivyo kwako, kila asubuhi." Wazee waliokwisha kupinda mgongo hakuwasumbua kwa ukuta; aliwalaza, akawakanda polepole, akiwaita "mzee wangu."

Bouchta, mshona makubadhi anayeshinda ameinamia ngozi, kila Alhamisi aliulizwa, "Ukuta wako haujambo?"

"Kila siku nausimamishia mgongo, fundi!"

Mkandaji humpitishia kidole gumba mgongoni, akaangua kicheko. "Muongo mkubwa wewe!"

Alhamisi iliyopita kisogo cha Bouchta kilikataa kufika ukutani. Mkandaji alipenyeza kiganja kwenye ule mwanya, akakiacha hapo kidogo, kisha akamlaza bila kumuuliza kitu. Vile vidole vilikuja polepole. Bouchta, ambaye hata mvi hajaota, akasema mwenyewe, shavu likiwa sakafuni:

"Kesho naanza, fundi. Wallahi naanza."

"Inshallah," mkandaji akajibu, akimmwagia maji. "Inshallah, mzee wangu."