Naam Moja Bandarini

Mzungu aliyeletwa kutufundisha sisi wasimamizi wa winchi bandarini alichagua "naam" iwe amri ya kupandisha mzigo. Nikamwambia, "Bwana, hapa Unguja mtu akiitwa huitika naam." Akacheka. Kazini, akasema, hakuna kuitana.

Wiki ile ile, hamali wangu alikuwa bado anafunga kamba kwenye magunia ya karafuu, nikasikia naitwa nyuma yangu. Nikaitika "Naam!" kama mama alivyonilea. Fundi wa winchi akapandisha, na vidole viwili vya hamali vikakatwa na kamba.

Ripoti ikasema sikuyashika mafunzo. Aliiandika mwalimu, bila haya wala soni. Hakuandika nani aliyeniita. Aliniita yeye.