"Lakini Nini?": Ubeti Mmoja Kwenye Malori Mawili

Jua la Sukkur, mji wa kando ya mto, limeshapanda na bati la gereji linawaka. Fundi Bachal Khoso amesimama juu ya pipa, pua yake karibu iguse mlango wa nyuma wa lori la ngano. Anaandika bila kupiga mstari wa penseli.

"Mgeni wangu ni njaa," yanasema maneno mekundu ambayo bado hayajakauka, "namkaribisha kwa maji."

Maneno si yake. Ni ya Baba Daryai, mvushaji aliyekuwa akivusha watu kwenye mto huu katika karne ya kumi na nane, huku akitunga mashairi. Madereva wa hapa wanamjua kuliko wanavyomjua mbunge wao. Mstari mmoja humwingizia Bachal, mwenye miaka sitini na mmoja, rupia elfu mbili. Kazi imepungua tangu stika za plastiki ziingie sokoni.

Ila wiki hii hasumbuliwi na stika. Anasumbuliwa na ubeti alioandika miaka mingi iliyopita kwa ndugu wawili, Pandhi na Mitho Mahar.

Walikuwa wamenunua malori kwa pamoja, wakifuatana hadi Karachi na kurudi. Walitaka ubeti wa Daryai ambao mama yao alizoea kuuimba akikamua nyati. Bachal akaugawa, mstari wa kwanza kwa Pandhi, wa pili kwa Mitho. Wakiegesha ubavu kwa ubavu, wote unasomeka:

*Nimebaki sina mtu, hata mbwa hanibwekei,*
*Lakini wewe ukija, kingine sitegemei.*

Mwaka jana mtoto wa Pandhi alikuwa amuoe binti wa Mitho. Ndoa ikavunjika kadi zikiwa zimeshagawiwa. Tangu hapo ndugu hawasemezani, na kila lori linashika njia yake.

Jumatatu Pandhi alifika gerejini amefura.

"Ami Bachal, nifutie haya maneno."

"Yamekukosea nini?"

"Kila nikishuka kunywa chai, vijana wananibwekea! 'Pole mzee, eti mbwa wamekususa? Sisi tupo.' Halafu 'Hau! Hau!' Mbele za watu!"

Bachal anakiri alicheka hadi akalazimika kukaa chini. "Nikamwambia, basi angalau sasa unabwekewa. Hakupenda."

Kesho yake akaja Mitho, naye hakuwa na habari kwamba kaka yake ametangulia.

"Futa, ami. Nimechoka."

"Wewe nawe?"

"Askari wa barabarani ananisimamisha, namtolea leseni, hataki. Anataka kujua, 'Lakini nini, bwana? Anza mwanzo!' Nitamwambia nini? Mwanzo anao yule mjinga."

"Yule mjinga nani?"

Mitho alitazama pembeni. "Unamjua."

Pandhi anataka pachorwe tausi. Mitho anataka waridi tu, lisilo na neno hata moja. Rangi zote zipo tayari, kwenye makopo chini ya benchi.

Kwa Bachal, ubeti ukifutwa umekwenda. "Tausi nachora nimefumba macho," anasema. "Lakini hawa wakishafuta, watakuwa watu wawili wenye malori mawili. Mama yao nilimjua. Alinilisha mkate wa mtama siku ile nikiandika, akaniambia nisikosee 'wewe'."

Kwa hiyo aliwaambia wote wawili waje leo Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Kila mmoja anadhani zamu ni yake peke yake.

Wakipatana, Bachal atakosa kazi mbili. Amelifikiria hilo, akainua mabega.

Anashuka kwenye pipa, anachukua ufagio, anafagia mbele ya gereji. Anasogeza matairi chakavu ukutani, anapima nafasi kwa macho. Ni upana wa malori mawili, na hakuna pengine pa kuegesha.

"Na wakigombana?" anaulizwa.

"Wagombane tu," anasema, akiendelea kufagia. "Lakini kwanza wataegesha."