Hadithi ya Mgeni Asiyeondoka

Nilipoolewa kijijini Kimuli, masika yalikuwa makali. Mimi na mama mkwe tulishinda jikoni tukimenya ndizi, moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi. Wazazi wangu walitoka Rwanda, naye hakunitaka tangu nilipokanyaga kibanja chake cha migomba. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia huku akitazama migomba.

Siku moja wifi yangu alikuja kututembelea. Mama mkwe akamsimulia hadithi ya mwanamke aliyeomba kujikinga mvua kwenye nyumba ya watu.

"Mvua ikakatika, na mgeni bado yupo," alisema. "Kahawa ikaiva, na mgeni bado yupo. Ng'ombe wakakauka maziwa, na mgeni bado yupo."

Kila alipofika hapo alishusha sauti na kuacha kumenya, tukabaki kusikia mvua juu ya bati. Mwanzoni wifi alicheka. Baadaye aliacha kucheka, akanitazama kama mtu anayetazama ugonjwa.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari. Takriri na mandhari nilikuwa nimeziandika ubaoni miaka yote, wanafunzi wakanakili wakipiga miayo. Jikoni pale ndipo nilipoziona zikifanya kazi. Maneno yakirudiwa, msikilizaji huyangoja kwa hofu, na akishayangoja huanza kuyaamini. Kile chumba chenye giza na ile mvua isiyokoma vilimsaidia sana mama mkwe. Juani, uani, hadithi ile isingemtisha mtu.

"Mwisho wake nini, Mama?" nikauliza.

"Haina mwisho. Mgeni hajaondoka."

"Basi umeiharibu. Hujasema nani anamtekea maji mwenye nyumba, wala nani anampalilia migomba."

"Unanifundisha kusimulia, nyumbani kwangu?"

"Mimi niko hapa mbele yako. Kama una neno, niambie mimi."

Alitupa ndizi sufuriani, maji yakaturukia, akatoka nje mvuani bila hata kujitanda khanga.

"Umemuudhi mama," wifi akasema.

"Na mimi je, kaniudhi nani?"



Mume wangu alitaka nimwombe mama yake radhi. Nilikataa, naye akaninunia wiki nzima. Nilipopata uhamisho kwenda Rugu, alinifuata, lakini kwa shingo upande. Mama mkwe hajawahi kuja kwetu, na mimi sijamwalika. Wanangu wanamjua bibi yao kwa sauti tu, kwenye simu ya baba yao, nami wakiongea natoka nje.