Mumiani wa Baba

Harufu ya spiriti ikinipata popote, hata kwa kinyozi akipangusa mashine yake, husikia kicheko cha baba. Usinishangae. Kabla haijawa harufu ya hospitali, ilikuwa harufu ya hadithi. Baba alituambia mumiani, yule mtu anayefyonza watu damu kwa sindano akaiuze, hutambulikana kwayo: ananukia spiriti na viatu vyake havina sauti.

Tulikaa mtaa wa Kaptembwo, baba, mama na mimi, katika chumba kimoja cha mabati. Baba alikuwa fundi viatu, na jioni majirani walijazana kibarazani kumsikiliza. Mumiani wake alikuwa mjinga ajabu. Siku moja alimfyonza mlevi wa busaa, akalewa yeye, akakutwa mtaroni akiimba nyimbo za kanisa. Nyumba ya landilodi aliipita akiinua kofia, maana fundi humheshimu fundi mwenzake. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baba alizoea kumalizia na babu, aliyekuwa kibarua wa reli, ambaye aliwakataza wanawe kupita karibu na kituo cha wazima moto, waliosemekana ndio mumiani wenyewe, kwa sababu rafiki yake aliingia humo asitoke. Hapo pia tulicheka.

Nilikuwa na miaka tisa mimba ya mama ilipoharibika. Ilikuwa asubuhi. Tulimpeleka hospitalini kwa bodaboda, baba akimshikilia kwa nyuma, mimi nikifuata kwa nyingine na jirani yetu Mama Atieno, aliyetuacha langoni akarudi kwa watoto wake.

"Mzee, mama amepoteza damu nyingi na yetu imeisha," muuguzi alimwambia baba. "Tunaomba utoe."

"Sista, si mtanimaliza?" baba alitania. Muuguzi akacheka. Baba akaketi, akakunja mkono wa shati.

Muuguzi alipompangusa kwa pamba yenye spiriti, niliona uso wa baba ukibadilika. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akasimama.

"Ngoja kidogo, sista. Natoka nje kidogo tu."

Hakurudi. Nilimkuta langoni ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili.

"Baba, mama anangoja."

"Nekesa, enda nyumbani uite watu." Hakunitazama.

Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia tena mpaka Kaptembwo. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti walinisikiliza, kisha mmoja akasema, "Si baba yako ndiye alitufunza kukimbia sindano?" Wakaangua kicheko. Sidhani walikuwa wabaya; walidhani ni mchezo wa nyumbani kwetu. Mama Atieno peke yake alipangusa mikono kwenye leso, akamwachia jirani watoto wake, akanifuata.

Tulipofika, mama alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Baba alisimama miguuni pake, mkono wa shati bado umekunjwa.

Matangani watu walisema ni mpango wa Mungu. Baba aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba nilijua. Tuliishi hivyo miaka mingi: akinipikia ugali, akinisuka nywele vibaya, nami nikimjibu kwa neno moja moja. Hakusimulia hadithi tena. Nilimwona mwoga tu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mumiani hakuwa mzaha kwake hata siku moja. Alimfanya mjinga ili aweze kuishi naye.

Miaka mingi baadaye, nikifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, baba aliugua sukari, nikampeleka kupimwa. Walipoandika kundi lake la damu, nilikumbuka lile lililokuwa kwenye kadi ya kliniki ya mama, ambayo niliitunza. Nikauliza. Daktari akaniambia damu ya baba isingeweza kuingia mwilini mwa mama.

Jioni hiyo nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikaketi karibu naye, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

"Baba, damu yako haingemfaa mama. Hata ungetoa."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Lakini Nekesa," alisema polepole, "hiyo siku mimi sikuwa najua."

Nilikuwa nimemletea msamaha, na hakuwa na mahali pa kuuweka.