Msonobari Uliooshwa kwa Sabuni

Mzee Shiundu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo, hata akaamini kwamba hakuna balaa duniani lisilotokana na uchafu. Mkewe, Ayuma, alipofariki mwaka wa 1993, alimwachia msonobari mmoja, aliouleta kutoka mji wa Turbo ukiwa mche ndani ya kopo na kuupanda uani, kwenye ploti yao mtaani Lucky Summer. Mzee aliupenda mti ule kuliko alivyojua kumpenda Ayuma alipokuwa hai, na hilo lilimuuma.

Kwa hiyo sindano za matawi ya chini, yaani majani yake membamba, zilipoota mistari myekundu na kukauka, hakuhitaji mtaalamu. Uchunguzi wote aliufanya akiwa kitini. Mkosaji alikuwa jirani yake Koki, mamake Ndolo, aliyezoea kumwaga maji ya kuoshea mboga pale shinani.

"Mama Ndolo, huu mti si mtaro! Usikanyage hapa tena!" akamkaripia mbele ya wapangaji wote.

Koki alijitwika karai lake akaenda zake.

Basi usafi ukaanza. Kila jioni, wenzake wakipanga foleni ya maji bombani, Mzee alipanda ngazi na ndoo ya povu, akapangusa sindano kwa kitambaa kilekile, kutoka tawi gonjwa hadi tawi zima. Zilizoanguka alizirundika shinani ziwe mbolea. Mti nao ulimshukuru kwa kukauka hadi kileleni.

Mpwa wake Javan, mfanyakazi wa msituni, alikuja kumjulia hali akavunja sindano moja.

"Mjomba, hii ni kuvu. Huishi ndani ya sindano, huwezi kuiosha ikatoka. Hukaa kimya kwanza, kisha huua. Na husafiri kwa matone ya maji. Nani amekuwa akilowesha majani haya?"

Mzee alikitazama kitambaa chake kwenye kamba. "Na maji ya shinani?"

"Hayo yalikuwa yakiusaidia."

Mzee akaenda kwa Koki na mche wa sabuni, maana zawadi nyingine hakuijua.

"Nisamehe, Mama Ndolo. Lakini nani alikutuma kuumwagilia?"

"Ni Ayuma, alipolazwa. Alisema, 'Mzee wangu hajui kutunza kitu, lakini moyo anao.'"

Mzee alilia palepale mlangoni, sabuni mkononi. Koki akamsogezea kiti.