Maftah na Ng'ombe wa Mzee Mniko

Miaka ile ya kisomo, serikali ilipotaka hata babu mwenye vitukuu ajue kusoma, Maftah alikuwa mtu wa maana sana Tarime. Wazee waliingia darasani, wakakishika kitabu mbali na uso kana kwamba kitawauma, kisha wakatoka kumtafuta Maftah na miwani yake.

Alikaa Nyamisangura, lakini siku za mnada alipanda Nyamwaga na sanduku lake la mbao. Macho ya kusomea aliyapima kwa sindano na uzi. Ya kuonea mbali aliyapima kwa ng'ombe: unasimama naye juu ya kilima, unamtajia ng'ombe wako wanaokunywa maji kule mtoni. Wakurya waliipenda njia hiyo kupita kiasi. Nani asiyependa kutaja ng'ombe wake?

Leseni hakuwa nayo. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, mtu wa pwani, na wengi aliwasaidia kweli, tusimnyime haki yake.

Siku moja katibu kata alifika mnadani na Simioni, mganga wa macho kutoka Musoma. Simioni akatangaza kwamba hakuna ruhusa tena kupima macho bila kusomea na kupewa leseni. Maftah alikuwa na mke na watoto, na kazi nyingine hakuijua.

"Bwana mganga," akasema, "waulize watu wenyewe. Muulize Mzee Mniko. Mwaka wa tatu huu nampima."

"Shikamoo, mzee," alisema Simioni.

"Marahaba." Mniko, mfugaji mwenye kundi kubwa kuliko wote pale, akajitokeza na miwani yake puani. Akageukia mtoni. "Yule mbele ni Mweupe. Anayefuata ni Kidevu. Yule mvivu wa nyuma ni Mama Ndama."

Watu wakashangilia. Maftah akapumua. Simioni naye hakubisha, ila alikwenda kwa mfugaji mwingine, akaomba ng'ombe mmoja, akamleta hadi hatua chache mbele ya mzee.

"Na huyu, mzee?"

"Huyo si wangu."

Watu wakacheka.

"Sawa. Ana rangi gani?"

Mniko akageuza shingo huku na huku, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Ng'ombe alikuwa mweusi tii, wala hapakuwa na ukungu.

Maftah hakungoja kunyang'anywa. Alilifunga sanduku mwenyewe, mbele ya watu wote, na kesho yake akampandisha mzee basi la Musoma.

Hospitali waliambiwa ni ugonjwa wa presha ya macho. Jicho moja limekwisha. La pili litabaki kama lilivyo, kwa dawa ya matone, ila lililopotea halirudi. Laiti angeletwa mapema, alisema daktari.

Wakati wa kurudi, Maftah alilia ndani ya basi bila kujificha.

"Acha kulia, mwanangu," alisema Mniko. "Ng'ombe wangu nawajua kwa mwendo. Hata kivuli cha mmoja wao kikipita namjua. Nilikudanganya."

"Kwa nini, mzee?"

"Mfugaji asiyeona, wanawe wanagawana kundi angali hai. Niliogopa."

Maftah alijifuta uso. Akahisi hasira kidogo, na huruma nyingi zaidi.

"Ungeniambia, mzee! Ungeniambia mimi tu, siri yetu wawili."

Mniko akamgeukia kwa upande wa jicho lililobaki.

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Basi lilikuwa linavuka mto Mara. Maftah hakutaka kumdanganya mzee.

"Ningekupa miwani nzito zaidi," akasema.